Aliyemchinja Kuku wa Hajati

Hebu niambie, mwenzangu: mgeni mwenye heshima zake akikuuliza mbele za watu Mungu amekupa mabinti wangapi, utamtaja yupi na utamwacha yupi? Usinijibu haraka. Leonida wa Iyolwa alijibu haraka, na jibu lenyewe likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Leonida ni Msamia wa Busia, upande wa Kenya, aliyeolewa kwa Wapadhola wa Tororo, upande wa Uganda, angali msichana. Mumewe alikwisha fariki, akamwachia nyumba ya mabati, shamba la mtama na karanga, na mabinti wawili: Athieno ndiye mkubwa, Marion ndiye mdogo. Mwanamke msafi, wa kanisa. Vitambaa vya madhabahuni ni yeye anayevifua, anavianika mbali na moshi, kisha anavipiga pasi ya makaa mpaka vinasimama vyenyewe. Jumapili akivaa gomesi yake ya bluu na kufunga ule mshipi unaong'aa, hata watoto wanampisha njiani.

Sasa, Athieno alikwenda Malaba kuwapikia chai na chapati madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka. Huko akakutana na Muzamiru, fundi wa matairi, kijana mpole asiyepaza sauti hata gurudumu likimwangukia mguuni. Muzamiru ni Mwislamu. Athieno akatafakari, akasilimu, akaitwa Hamida, wakaoana. Mama alipelekewa habari, aje arusini. Hakwenda.

Aliyemkataza si mmoja. Shemeji yake Rasto, mdogo wa marehemu, ndiye aliyepiga kelele zaidi. Rasto ndiye msemaji wa boma tangu kaka yake azikwe. Likitokea neno lolote, hata la kuku kuingia shamba la jirani, anaitwa Rasto, Leonida anaambiwa baadaye. "Hapa hakuja hata ng'ombe moja," alisema. "Hiyo mahari wamempa yeye mwenyewe mukononi. Cherehani na kitanda. Bibi arusi kujilipa, hiyo wewe umeona wapi? Huyo tumenyang'anywa."

Leonida hakumbishia. Lakini usiku ule alijikuta akiwaza ng'ombe walioletwa kwa ajili yake yeye, zamani zile. Hakupata kuwaona. Alisikia tu kwamba wamefika kwa baba yake na kwamba ndio waliomwolea kaka yake mke. Hata rangi zao hakuna aliyemwambia. Akaliwaza jambo hilo kidogo, kisha akalifukuza kama mtu anavyofukuza kuku mlangoni.

Kanisani alipoulizwa Athieno yuko wapi, alisema yuko Eldoret, kwenye duka la mtu. Alilisema mara ya kwanza kwa kigugumizi, baadaye likawa jepesi. Na wenzake wakiketi kupepeta mtama, mazungumzo yakigusa Waislamu, alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa. "Huko mwanamke hufungwa mdomo," alizoea kusema. "Anafunikwa, anawekwa nyuma, basi."

Ndipo ikaja siku ya Marion. Aliyemchumbia ni Levis, kijana wa Busia ya Kenya, anayefanya kazi na mawakala wa kupitisha mizigo. Levis ni Mkristo kama baba yake, ila mama yake alikufa mapema, akalelewa na shangazi yake, Hajati Nuriati, mjane Mwislamu mwenye duka la vitenge. Ikaletwa habari kwamba atakayewaongoza wageni kuja kujitambulisha ni Hajati mwenyewe, kwa hiyo mnyama achinjwe na Mwislamu.

Hilo halikumtisha mtu. Kwetu huku mpakani, karamu ya watu wengi, hata iwe ya mchungaji, huitwa Mwislamu ashike kisu, ili asiwepo mgeni wa kukaa akitazama sahani. Iyolwa nzima humwita Mzee Sulaiti. Anakuja na baiskeli yake, anachinja, anapewa shingo, anakwenda zake.

Athieno alifika siku moja kabla, juu ya pikipiki, amebeba mchele, sabuni, na sufuria mpya zilizofungwa kwa kamba ya katani. Alivaa kanzu ndefu ya rangi ya majivu na hijabu nyeupe. Leonida alimwona tangu kwenye kona ya migomba, akatoka mbio kumpokea. Lakini jicho lake la kwanza halikwenda kwa mtoto. Lilikwenda barabarani, kutazama ni nani amemwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pitia huku nyuma. Huku nyuma, mwanangu, mbele kuna matope."

Hakukuwa na matope. Jua lilikuwa limepasua ardhi tangu juzi. Athieno alitazama chini, akatazama viatu vyake, akafuata njia ya nyuma.

Walipokuwa jikoni, ile nyumba ndogo ya udongo iliyo kisogoni mwa nyumba kubwa, Leonida alimletea gomesi yake ya zamani na kitambaa cha kichwa. "Kesho vaa hii. Hicho cha kwako kiweke kwenye mfuko. Wanawake wa kanisa watakuja kusaidia kuandaa kule hemani, na unajua midomo yao."

"Gomesi nitavaa, ni nguo ya heshima," Athieno alisema. "Kichwa nitafunga, na shingo nitafunika. Lakini kuna kingine unataka kusema."

"Ukae huku jikoni mpaka wageni waondoke. Mgeni akichungulia, wewe ni mtu wa kunisaidia kupika, nimekutoa Malaba."

Athieno alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe kimoja, akakitupa mlangoni, akatoa kingine. "Sawa, mama," alisema mwishowe. "Nakubali kwa sababu ni siku ya Marion. Usidhani nakubali kwa sababu ni haki."

Leonida alishukuru, kisha akaona haya kwamba ameshukuru.

Kesho yake kulipambazuka vizuri. Hema lilikuwa limesimama, viti vya plastiki vimefutwa vumbi, na ng'ombe amefungwa kwenye nguzo ya zizi, anatafuna bila wasiwasi. Wakangoja baiskeli ya Mzee Sulaiti. Haikuja. Rasto alipopiga simu aliambiwa mzee amefiwa na dada yake kule Sop Sop, na huko ndiko aliko, na leo asitazamiwe.

Rasto alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Alivaa koti la suti na gambuti, maana alikuwa bado hajamaliza kazi za asubuhi.

"Hiyo mzee hakuji leo," alisema. "Na wageni wamevuka mpaka saa hii. Sasa?"

"Tafuta mwingine pale trading, madukani," akasema Leonida.

"Mwingine nani? Wote wamekwenda kuzika na yeye." Rasto alikuna kidevu, halafu uso ukamchangamka. "Lakini kofia iko. Mimi nina kofia, ile dereva wa lori alinipa. Kevo, wewe kuja hapa."

Kevo alikuwa mpwa wa Leonida kutoka Busia, aliyeletwa kwa sababu anafanya kazi buchani na anajua kukata nyama. Kijana wa maneno mengi. Alivalishwa kofia, ikamkalia vizuri kabisa, akainamisha kichwa huku na huku kama anayejitazama kwenye kioo.

"Eh, anko, hapa mimi ni sheikh kamili," alisema. "Nikitoka hapa naenda kutafuta mke wa pili."

"Wa kwanza umempata wapi?" akauliza mama mmoja wa kanisa, na wote wakacheka.

Leonida hakucheka. Alikuwa amegeuka, akatazama mlango wa jikoni, na humo ndani akamwona Athieno amesimama na kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akamwita mama yake kwa mkono, taratibu, kama anavyoitwa mtu msibani.

"Mama, msimlishe Hajati uongo," alisema Athieno, mama yake alipoingia. "Mimi nipo. Nipe kisu kikubwa, nichinje."

"Wewe mwanamke, Athieno."

"Kwani nani kakwambia mwanamke hachinji? Muzamiru akiwa barabarani, mbuzi wa idi nani anamchinja nyumbani kwangu? Ninamlaza, ninalitaja jina la Mungu, ninachinja, tunakula na majirani. Hata masheikh wanakula."

Leonida hakuwa na habari hiyo. Alidhani, kama alivyodhani kwa mengi, kwamba kwa Waislamu mwanamke hagusi kitu. Angeweza kusema hivyo tu, kwamba hakujua, na mambo yangekwisha vizuri. Lakini mdomo ukatangulia ukasema ukweli wenyewe. "Ukisimama pale na kisu, watu wote watajua."

Athieno alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alirudi kwenye kigoda chake, akachukua ndizi, akaanza kumenya. Maganda yalikuwa yanaanguka moja moja kwenye beseni.

"Basi, mama. Nimesikia."

Na uwanjani Kevo akachinja ng'ombe, na kofia ya dereva wa lori kichwani.

Wageni walifika jua likiwa limepanda. Wanaume walikuwa wamevaa kanzu na makoti, Levis akiwa katikati yao anatoka jasho, na wanawake wamebeba vikapu vilivyofunikwa kwa vitambaa. Mbele yao alikuwa Hajati Nuriati. Leonida alikuwa amejiandaa kumwona mama wa kutisha, mtu wa kukunja uso. Kumbe alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye miguu inayomsumbua, anapumzika kila baada ya hatua kadhaa na kuwachekea waliomngoja. Hijabu yake ya kijani ilitariziwa maua madogo pembeni, mshono wa mkono, na Leonida, mpenda vitambaa, akajikuta ameutazama mno.

"Unautazama mshono," alisema Hajati. "Niliutarizi mwenyewe, dada, wakati macho yalikuwa macho."

Akaongozwa ndani ya nyumba apumzike kidogo kabla ya hotuba. Rasto alifuata nyuma akitoa maelezo: hapa ni wapi, pale ni kaburi la marehemu, mimi ndiye mkubwa wa hapa. Hajati aliketi, akamshika Marion mkono, akamsifu kwa upole. Kisha akamgeukia Leonida.

"Huyu wetu amekulia peke yake kwangu kama yatima, hana dada. Marion anao dada wa kutuchangamsha? Mungu amekupa mabinti wangapi, mama?"

Swali dogo tu la mazungumzo. Wanawake wa kanisa walikuwa mlangoni na trei za soda. Rasto alikohoa. Marion alimtazama mama yake, macho makavu, anangoja.

"Ni huyu mmoja," alisema Leonida. "Huyu tu."

Dirisha la chumba kile linatazama jikoni. Athieno alikuwa anatwanga karanga, na mchi ulikuwa unapiga kinu kwa mwendo wa sawasawa tangu wageni waketi. Mchi ukanyamaza. Leonida alihesabu pumzi zake mwenyewe akingoja. Halafu mchi ukaanza tena, polepole, kama mtu anayejifunza kutwanga. Marion alichomoa mkono wake kutoka kwa Hajati, akasema anakwenda kutazama soda.

Hotuba zilikuja zikapita. Rasto alisema sana. Alizungumza juu ya binti alivyolelewa, juu ya adabu ya boma lake, na juu ya ng'ombe, hasa ng'ombe. Leonida aliketi kwenye mkeka na wanawake na hakusikia hata nusu. Chakula kilipoletwa, mezani kwa Hajati waliwekewa bakuli kubwa la nyama, limejaa mpaka ukingoni, pamoja na wali, ndizi, kalo, ule ugali wa wimbi, na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga.

Hajati akanawa, lakini hakugusa. "Namtaka mchinjaji nimshukuru kwanza," alisema. "Ni desturi yangu."

Rasto akampungia Kevo mkono. Kevo akaja na kofia yake, akitembea kwa heshima nyingi kuliko inavyohitajika.

"Asalaam aleikum, mwanangu," alisema Hajati.

"Poa, mathe," akajibu Kevo. Akaona nyuso za wanawake wale wawili waliokaa karibu na Hajati. "Yaani, amina. Amina sana."

Hakuna aliyecheka. Hajati alimtazama kitambo kidogo, naye Kevo akawa anatazama vidole vya miguu yake. Kisha mama yule akasema kwa sauti ileile ya upole, "Ahsante, mwanangu. Kaa ule na wenzako." Akajipakulia wali na mboga. Bakuli la nyama akalisogeza taratibu upande wa Levis, kama anamkirimu kijana wake. "Meno yangu na nyama havielewani siku hizi," akasema. Wanawake wenzake wakasogeza bakuli lao vilevile, nao wakasema meno yao. Mmoja wao hata miaka thelathini hajafika.

Leonida aliona yote. Rasto aliona pia, akajifanya anatafuta chumvi. Ingekuwa Hajati amesimama akapiga kelele, akakusanya watu wake akaondoka, Leonida angejua la kufanya. Angekasirika yeye pia. Lakini mgeni amedanganywa ndani ya nyumba yako, naye anakusitiri mbele za watu wako kwa meno yasiyomuuma. Leonida alihisi uso unamuwaka kuanzia masikioni. Akainuka, akasema anafuata maji, akaenda jikoni.

Athieno alikuwa ameketi karibu na mafiga. Kando, juu ya kipande cha bati safi, palikuwa na sufuria moja kati ya zile mpya, imefunikwa, na mvuke wake ulinukia bizari na vitunguu.

"Nilijua hatakula," alisema Athieno. "Asubuhi Marion alinipa jogoo wake mwekundu. Nikamchinja huku nyuma ya banda la kuku, hakuna aliyeniona, usiogope. Sufuria haijaguswa na kitu kingine. Mpelekee kabla wali haujapoa."

Leonida alitazama sufuria. "Nitasema nini?"

"Jina langu kama ni zito, usilitaje. Mwambie kachinjwa na Mwislamu. Huo si uongo." Akaipangusa sufuria ukingoni kwa pembe ya kitambaa chake, mahali palipomwagika mchuzi, akaigeuza ili mshikio uelekee kwa mama yake. "Chukua, mama. Mgeni asitoke hapa na njaa."

Leonida aliichukua. Ilikuwa ya moto na alisahau kuweka kitambaa, ikamchoma, akaendelea kuishika. Kutoka jikoni mpaka hemani si mbali, ukipita kamba ya nguo umefika, lakini alitembea kama anayebeba maji kwenye ungo. Alikuwa akijisikia mwenyewe akisema kwenye mtama: huko mwanamke hufungwa mdomo. Anafunikwa, anawekwa nyuma. Na mwanawe ameketi nyuma, kwenye moshi, amefundishwa aseme ametolewa Malaba, na aliyemweka pale si mume wala sheikh.

Akaweka sufuria mbele ya Hajati, akaifunua.

"Huyu kuku ni wa kwenu," alisema. "Amechinjwa na Mwislamu. Kweli."

Hajati aliinama akanusa. "Mwenye kupika hivi simjui lakini nampenda. Na huyo Mwislamu yuko wapi? Nimsalimie."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wanawake wa kanisa walikuwa wameketi karibu, sahani mapajani, mama mchungaji yupo, na Rasto ameacha kutafuna. Leonida angeweza kusema amekwenda zake, na lingeaminika. Alifungua mdomo akijua kwamba uongo uko tayari pale kwenye ulimi, umezoea njia.

"Yuko jikoni," alisema. "Ni mtoto wangu. Ni Athieno, mkubwa wao. Jina lake la sasa ni Hamida."

"Shemeji, keti," alisema Rasto.

"Sijamaliza, shemeji. Nimemficha mimi. Na yule mwenye kofia ni Kevo, mtoto wa dada yangu. Alibatizwa Busia, mimi mwenyewe nilikuwepo."

Kevo alivua kofia akaikalia. Kicheko kikatoka mahali fulani upande wa vijana, kikakatika chenyewe kwa kukosa wa kukipokea.

"Lakini Mama Athieno," alisema mama mmoja wa kanisa, taratibu, "si ulituambia yuko Eldoret?"

"Niliwaambia."

"Tukamwombea. Jumapili nyingi tu. Safari ya Eldoret."

"Najua. Nilikuwa nimepiga magoti hapohapo karibu yenu." Leonida alitamani mtu amkatishe, lakini hakuna aliyemkatisha. "Niliona aibu kwa ajili yake. Leo naona kwamba wa kuonewa aibu ni mimi."

Rasto alisimama akavuta koti lake. "Wageni, nyinyi kusamehe. Mama amechoka. Na hiyo kuku nayo tuache, maana mwanamke hachinji, hata kwenu mimi najua, mwanamke hachinji."

"Unajua wapi, mzee?" aliuliza Hajati.

"Hiyo inajulikana."

"Ndiyo maana nimekuuliza wapi." Hajati hakuinua sauti. Alinyosha mkono, akajitwalia paja la kuku, akaliweka kwenye wali wake. "Siku za Mtume kuna kijakazi aliyekuwa akichunga kondoo. Mmoja alikuwa anakufa, akamwahi, akamchinja kwa jiwe kali. Watu wakaenda kuuliza kama nyama ile inaliwa. Wakaambiwa kuleni. Sasa mimi Nuriati, nimekuja kula tu, nitakuwa nani wa kukataa?" Akasema bismillahi, akala. Wenzake wakasogeza sahani, na yale meno yao yote yakapona papo hapo.

Baada ya kumeza alimgeukia Leonida. "Dada, mngenipigia simu mkasema mchinjaji amefiwa, ningekula maharage nikashukuru. La ng'ombe na kofia, mimi nimeshalisahau. Lakini huyu mtoto umemkana naye anasikia. Nilisikia mchi ukinyamaza, nikajiuliza."

"Nikamwite?" aliuliza Leonida.

"Usimwite kama mtu anayeletwa kuonyeshwa. Nenda umuulize kama anapenda kuja. Akitaka, atakuja. Asipotaka, mimi nitajikokota na miguu yangu hii mpaka huko jikoni."

Leonida akarudi njia ileile. Nyuma yake alisikia Rasto akianza hotuba nyingine, na Marion, ambaye siku ile hakutakiwa kusema neno, akimwambia, "Baba mdogo, tafadhali, watu wanakula."

Athieno alikuwa ameinama anachomoa kuni kwenye moto na kuzizima majivuni, moja moja, ili zitumike kesho. Alikuwa amesikia, jikoni pale kila kitu kinasikika. Machozi au moshi, Leonida hakuweza kujua. Alitafuta pa kukaa, akakosa kigoda, akakaa chini na gomesi yake ya bluu kwenye vumbi la mkaa.

"Hamida," alisema. Jina lilimtoka kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. "Hajati anauliza kama unapenda kuja kukaa na wao. Mimi pia nauliza. Sikuagizi, mwanangu. Nauliza."

Athieno alichomoa ukuni mwingine, akauzima.

"Na kama hutaki, useme. Kama una jambo juu yangu, lile tangu siku zile, useme pia. Nitalisikiliza hapa hapa."

Athieno alifuta mikono yake kwenye goti. Akatazama mlango ulio wazi, na nje ya mlango ile njia ya migomba iliyokuwa nyeupe kwa jua.

"Siku ya ndoa yangu," alisema, "nilikaa chumbani na wanawake, na sheikh akaja mpaka mlangoni na mashahidi. Hakumuuliza Muzamiru. Hakumuuliza mtu mwingine. Aliniuliza mimi: Hamida, unaridhika kuolewa na mtu huyu, kwa mahari haya? Watu wote wakanyamaza, wanangoja nitakavyosema. Wazee wale wote, mama, wanaume wazima, wananingojea mimi. Nikachelewa kujibu. Wanawake wakanong'onezana kwamba bibi arusi anaona haya, na sheikh akaniuliza tena. Mimi sikuwa naona haya. Nilikuwa natazama barabara."

Leonida aliweka mkono wake juu ya goti la binti yake, juu ya majivu.

"Nilitaka uwepo," alisema Athieno. "Nilitaka unisikie nikiulizwa."